Kuisikiliza Kabureta

4 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, mkono umeanza kukutii na shangazi hakubanii chumvi kupita kiasi. Hapa sisi wazima. Mama anakusalimu, ingawa kwa sauti ya mtu aliyenuna, maana kila tukipiga simu shangazi anatuambia umelala. Baba, hujawahi kulala saa nne asubuhi. Hata ulipokuwa na homa tulikukuta chini ya lori. Tangu utoke hospitali ukaenda kuuguzwa kwake, hatujakusikia hata ukikohoa.

Kwa hiyo naandika.

Lori linazima. Likiwa mwendoni halina neno, lakini nikiachia pedali ya mafuta tu kwenye njia panda, linatetemeka, linakohoa, kimya. Juzi lilizima na mchanga wa watu mgongoni, na madereva waliokuwa nyuma yangu wakanifundisha matusi ambayo sikuyakuta chuoni. Nimefungua kabureta. Kile kichuma kinachobeba kipepeo, kile kibati cha kupitisha hewa, kimelika. Nikikishika kinacheza kama jino bovu, na hewa inapenya pembeni. Nimepata kabureta nyingine kwa muuza vipuri vya zamani, umbo lilelile, nati nne vilevile. Naomba ruhusa niifunge mwenyewe. Mama anasema nisimguse mke mwenzake, yaani lori, bila wewe kujua.

Binti yako


12 Juni

Profesa wangu,

Marahaba. Nawe vumilia huu mwandiko. Ni wa mkono wa kushoto, wa kulia bado umegoma. Miguu inakwenda. Chumvi sipewi kabisa. Ulimi ni mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino, utapona. Mwambie mama yako siku hizi nalala sana.

Ruhusa unayo. Chomoa kwanza waya wa betri. Tia alama kila mpira kabla hujauvuta, kwa sababu ukishauvuta yote itafanana. Ukiitoa kabureta ya zamani, ziba lile tundu kwa kitambaa: nati ikidondokea humo tutafungua injini nzima. Halafu kitambaa ukitoe. Usicheke. Wapo watu wazima wenye leseni waliowasha lori kitambaa kikiwa ndani, na mama yako aliolewa na mmoja wao.

Nati usikaze moja hadi mwisho. Kaza kidogo hii, kidogo ile inayotazamana nayo, hivyo hivyo, la sivyo kitako kitapinda. Na yule muuza vipuri mwambie kabureta yake ikiwa mbovu nitamtafuta.

Baba yako


20 Juni

Baba,

Shikamoo tena. Barua yako mama aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaifungua akaisoma tena. Afya zetu nzuri, mimi kucha tu ndizo zimekuwa nyeusi.

Kitambaa nilikifunga kamba, na kamba nikaifunga kwenye usukani ili nisiweze kuendesha bila kukikumbuka. Mama akauliza kama mke mwenzake amefungwa asitoroke.

Kabureta imeingia. Lori liliwaka mara ya pili na halizimi tena. Lakini mngurumo unapanda na kushuka, na moshi unanuka petroli mbichi. Nimesoma kila kinachosomeka kuhusu uwiano wa hewa na petroli. Hesabu yake naweza kukuandikia hapa. Wewe lakini ulikuwa unainamisha kichwa, unafumba jicho moja, unageuza bisibisi kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto, halafu unasema, "Hapo." Mimi sisikii hapo iko wapi.

Jumamosi ya tarehe nne, mchana, nitapiga simu niiweke karibu na injini. Tafadhali usiwe umelala.

Binti yako


28 Juni

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mimi pia ni mzima, isipokuwa hili ninalokuandikia.

Sijalala hata siku moja mlipopiga simu. Shangazi yako amenisemea uongo mpaka amechoka, na unajua yeye ni mtu wa sala. Ni kwamba maneno yangu yanatoka yamevunjika. Juzi muuza duka alidhani nimelewa, akaniambia kwa upole niende nyumbani nikapumzike. Upole wake ndio ulioniuma. Wewe na mama yako mnayo sauti yangu ya zamani. Nilitaka mbaki nayo.

Lakini lori haliwezi kuendelea kunywa petroli hivyo. Piga. Nitakaa mezani na kijiko. Pigo moja, kaza. Mapigo mawili, legeza. Kijiko kikinyamaza, ndiyo hapo. Usinisalimie, wala usiniulize kitu.

Baba yako


5 Julai

Baba,

Shikamoo. Umelalaje, kweli? Na mkono haukuumi kwa jinsi ulivyoipiga meza ya watu?

Kijiko sikukisikia. Nakwambia kwa sababu nahisi unadhani nilijifanya. Injini ilimeza kila kitu. Nilikuwa nakaza skrubu kwa kubahatisha, lori likaanza kukwama pumzi, nami nikazidi kukaza, ndipo ukapaza sauti: "Rudisha. Unamkaba. Rudisha nusu."

Nikarudisha nusu.

"Robo tena. Polepole, Profesa, si kizibo cha chupa hicho."

Wiki nzima nilikuwa nimejiandaa kulia nikikusikia. Badala yake nilijikuta natii, mikono ina grisi, nimekasirika kidogo kwa ajili ya kizibo. Ni kweli maneno yanaburuzika. "Robo" ilichukua muda kufika. Lakini ilifika, na hakuna neno hata moja lililonipotea. Uliposema "hapo," lori lilikuwa limetulia kiasi cha mimi kumsikia mama akipumua nyuma yangu. Alikuwa ametoka kufua, povu limejaa mikononi. Alifungua mlango wa lori, akapanda kwenye kiti chako na povu lake lote, akakaa humo mpaka nilipozima injini.

Jioni, akikunja nguo, aliniambia bila kuniangalia, "Kwa hiyo lori anaongea nalo."

Mjibu wewe.

Binti yako


13 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mkono hauumi, meza ndiyo imebaki na vishimo, na shangazi yako hajanisamehe. Ile skrubu usiiguse tena hata ukishawishika, na najua utashawishika.

Mwambie mama yako nitapiga Jumapili, mkishakula mchana. Simu apokee yeye. Nimeifanyia mazoezi sentensi ya kwanza, shangazi yako amekuwa akiisikiliza mlangoni na kujifanya anafagia. Ya pili bado.

Mwombe kwa niaba yangu jambo moja, maana mama yako ni mwepesi wa kusaidia. Nikikwama kwenye neno, asinimalizie, hata kama neno lenyewe analijua.

Baba yako