Taa za Pikapu ya Baba

Machochwe, Serengeti
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu mpendwa Waitara,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Huku sisi tupo. Mvua zinanyesha, mahindi yameshika vizuri, na tembo bado hawajavuka kuja kuyamaliza. Mimi nakula, nalala, naenda kufundisha, narudi. Tangu tumzike mama sijalia hata mara moja, na wanawake wa hapa wameanza kuninong'ona. Waache wanong'one. Ndani kumekufa ganzi, kaka, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Mtandao hapa nyumbani unashika pale barazani tu, anaposhinda baba, na masikio ya baba hayana ubovu wowote. Haya siwezi kuyasema kwa sauti mbele yake. Barua nitampa kondakta wa basi la kesho.

Ni habari ya Stanslaus, yule fundi umeme wa magari wa Mugumu. Siku ya mazishi ulimkunja shati mbele ya waombolezaji, ukasema taa za ukungu alizomfungia baba ndizo zilizomuua mama, kwamba zilizimika kwenye ukungu na pikapu ikaingia korongoni. Baba mwenyewe ndiye aliyesema taa hazikuwaka, nasi tulimwamini. Sasa wazee wameitisha ritongo, baraza lao la hukumu, Jumamosi ijayo, Stanslaus ajibu mbele ya ukoo, na wewe mkubwa wetu ndiye unayengojewa umshitaki. Unawajua wazee wetu, wakishatamka limetoka. Atafunga karakana na kuhama na wanawe.

Kabla ya hapo nilitaka kuushika ubovu kwa mkono wangu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, si fundi, lakini umeme hauna ukoo. Pikapu iliangukia ubavu wa kushoto, alikokaa mama, mbele hakukuguswa. Waliotuvutia gari mpaka nyumbani walichomoa betri, basi, hakuna aliyegusa kingine.

Nikaazima testa, nikarudisha betri. Fyuzi nzima. Rilei, ile inayopitisha moto kwenda kwenye taa, nikaisikia ikilia nilipobonyeza swichi. Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme, umekazwa kwenye bodi, rangi imekwanguliwa vizuri chini yake. Nikaishuku swichi, maana taa zile za LED ni za dukani, na Stanslaus aliziunga kwenye swichi ya kiwandani, ile iliyokuja na gari. Swichi hiyo haipeleki moto kwenye taa, inakata ethi, na fundi wa kubahatisha huunga kinyume. Yeye aliunga sawasawa. Kisha nikakumbuka kwamba gari lile haliwashi taa za ukungu mpaka uwashe taa ndogo kwanza. Nilifurahi, kaka, siwezi kukuficha. Nikasema pengine baba alisahau tu. Lakini swichi ya taa ndogo ilikuwa imeachwa vilevile tangu ajali, imewashwa. Na zile taa za ukungu zilikuwa zinawaka muda wote, zinanikodolea macho.

Ijumaa nikamfuata Stanslaus. Alizungumza nami akitazama chini. Alisema baba alirudi kwake mara nyingi akilalamika kwamba taa haziwaki, na kila akizipima zinawaka. Alibadilisha taa, akabadilisha rilei. Mwisho akawa anafungua boneti, anashikashika nyaya, anafunga na kusema tayari mzee. Nikamuuliza kwa nini hakusema alichokiona. Akaniuliza mimi, mwanawe wa kumzaa, ningemwambiaje mzee kama baba kwamba haoni.

Jana asubuhi baba alinikuta uani. Akauliza nalifanya nini gari lake, nikasema napima taa. Akaja akasimama mbele ya pikapu, karibu kabisa, ukungu ukiwa bado haujainuka, akasema haya washa. Nikawasha. Mwanga ukampiga magotini ukapanda hadi kifuani, koti lake lote likawa jeupe. Akangoja. Kisha akauliza mbona siwashi.

Nikamwambia zinawaka, baba.

Aliinama, akapapasa mpaka akakipata kioo cha taa, akakifunika kwa kiganja na kukaa hivyo. Halafu akaniambia nizime, nisije nikamaliza betri.

Tulipokaa chini akasema ni mwaka wa pili sasa kila kitu kwake ni cheupe, ukungu uwepo usiwepo. Mama alijua. Ndiyo sababu hakukosa safari hata moja, nasi tukawa tunawatania kwamba wamezeeka wakapendana upya. Alikuwa anamwambia shika kulia, punguza, ng'ombe hao. Siku ile alikuwa na homa, baba anamkimbiza hospitali. Njiani mama akasinzia.

Muuguzi wetu hapa anasema ni mtoto wa jicho na hufanyiwa upasuaji. Nilimsikiliza, nikamshukuru, nikaenda kuchota maji.

Baba hataki ritongo liahirishwe. Anasema atasimama mwenyewe amwombe Stanslaus radhi mbele ya watu wote waliosikia akilaumiwa. Ila hawezi kufika pale katikati bila kuongozwa, na mimi amenikataa. Anasema mura wake, kijana wake wa kwanza, ndiye atakayemshika mkono. Kwa hiyo njoo, kaka, lakini usije kushitaki.

Wifi msalimie sana, na watoto wote wabusu kwa niaba yangu. Majirani wanakusalimu. Baba naye anakusalimu. Tangu jana yuko barazani, na kila gari likipita ananiuliza kama ni wewe. Namjibu bado.

Ni mimi mdogo wako,
Teresia