Risasi za Rangi ya Kucha

Choteau, 2 Oktoba 1997

Baba, shikamoo. Habari za Miles City, na hayo magoti? Huku wazima, isipokuwa Wade: mguu bado uko kwenye plasta, na ulimi wake ndio unaofanya kazi zote za nyumba. Mwaka huu mume wangu hawezi kupanda mlimani, kwa hiyo nakwenda mimi. Friza imebaki na samaki wawili, na baridi iko mlangoni.

Kulungu nimewapiga tangu nina miaka kumi na miwili. Elki sijawahi, na kulungu mwenye uzito wa farasi ananitia hofu. Tena dubu ameonekana mara tatu pale kijitoni. Nitumie risasi zipi?

Mwanao,
Thea

Miles City, 7 Oktoba

Marahaba, mwanangu. Magoti ni yaleyale. Msalimie huyo mgonjwa wa mguu.

Risasi ya kulungu hufumuka mara tu inapogusa nyama, na kulungu huanguka alipo. Bega la elki ni mfupa mnene. Risasi ile itapasukia juujuu, naye atakimbilia msituni kuteseka. Chukua nilizojaza mwenyewe, nzito, shaba tupu mpaka ndani. Niliziacha humo gereji kwenu, kwenye kopo la biskuti, kila moja ina doa jekundu kitakoni.

Kwanza piga tatu kwenye karatasi. Kwa uzito wake zitatua vidole viwili chini ya zile za Wade za kulungu. Ukishampiga elki, kaa nusu saa ndipo umfuate. Na lazima umfuate. Mnyama uliyemjeruhi haachwi, hilo nilikufundisha mapema.

Baba yako

Choteau, 21 Oktoba

Baba, shikamoo. Kifua cha shangazi kimepoa? Sisi hatujambo.

Kopo nimeliona, na madoa mekundu yapo. Nimepiga tatu, na usinicheke: hazikushuka hata kidole. Zimetua palepale zinapotua za Wade. Yeye anasema mkono wangu ndio hodari, mimi nasema hesabu zako zimezeeka. Hofu ipo, lakini imepungua.

Napanda tarehe 24 na farasi mmoja, nipige kambi kijitoni. Msimu unafunguliwa tarehe 26. Ukitaka kunigombeza subiri nirudi, mlimani hakuna simu.

Mwanao,
Thea

25 Oktoba, kwa mkono wa Wade

Thea, sikuulizi hali. Barua yako imefika leo. Wade anaandika ninayomwambia kwenye simu, na jirani yenu Lyle ataipandisha kesho alfajiri na nyumbu zake.

Risasi nzito lazima zishuke. Kama hazikushuka, si zangu. Mama yako alizipaka zake rangi ya kucha ili nisizichukue, nami baadaye nikaazima chupa ileile kwa zangu. Zake zote ni za kulungu. Alizipaka mezani mbele ya macho yangu, na miaka sita tu tangu afariki nimesahau.

Usipige. Kama umeshapiga, usiingie msituni. Baba yako mdogo Knut hakuuawa na farasi kama nilivyowaambia siku zote. Nilimpiga elki begani kwa risasi ya kulungu, nikaogopa kumfuata, nikamwambia Knut atangulie kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa haachwi. Dubu alikuwa ameshafika.

Muache huyo mnyama, mwanangu. Naogopa kuliko siku ile. Rudi nyumbani.

Baba yako

Choteau, 2 Novemba

Baba, shikamoo. Nimerudi.

Lyle alinikuta nimekaa juu ya gogo, naihesabu ile nusu saa yako. Zilibaki dakika sita. Elki nilikuwa nimempiga begani, akayumba, akaingia kwenye misonobari. Nilisoma barua mara mbili.

"Tunaingia?" Lyle akauliza.

Nikasema hapana. Iliniuma, maana tulikuwa tunamsikia analia humo ndani. Kisha matawi yakaanza kuvunjika upande wa pili, kitu kizito kinakuja bila haraka, na kile kilio kikabadilika. Farasi wangu akakata kamba. Mimi na Lyle hatukutazamana. Ilichukua muda mrefu sana.

Lyle alipata elki wake siku ya tatu, ametugawia nusu. Risasi za Mama zimebaki kumi na sita, nimezirudisha kwenye kopo na kuandika jina lake.

Kwa risasi sikulaumu, kila mtu husahau. Lakini nikifumba macho ule mlio unarudi, na kuna jambo nataka uniandikie kwa mkono wako, si kwa simu. Knut alipoingia, wewe ulibaki pale ukingoni. Ulimsikia kwa muda gani, Baba?

Mwanao,
Thea