Meno Ambayo Hukuyang'oa

Ndiyo, Masanja, bado ninayo. Yote manne ya mbele. Kila asubuhi nayagusa kwa ulimi, moja moja, kabla sijasalimia mtu. Najua ungeniuliza hilo kwanza, habari za safari baadaye, basi nimeshajibu.

Sasa nisikilize, rafiki yangu, nina hasira. Mimi huyu wa kuuza sabuni na mitumba machimboni Geita, ninayewadanganya watu huku wanacheka, leo kucheka kumenishinda.

Wiki iliyopita mdogo wako Kabula kanionyesha fomu yako. Ile ya kuomba kwenda ng'ambo kusomea magonjwa ya fizi. Naye ni daktari wa meno sasa, wamempa chumba kilekile chako hapa Shinyanga, na fomu kaikuta kabatini kwenye mafaili. Miaka yote tulijua huko ng'ambo wamekukataa. Kumbe haikupanda hata treni! Mkubwa wako kaandika pembeni: "Si mchapakazi. Ameng'oa meno machache kuliko wenzake wote." Kaifungia.

Machache! Daftari lao lina mstari wa meno yaliyong'olewa. Yaliyopona hayana mstari.

Unakumbuka nilivyokuja? Meno yanacheza kama viti vya kilabuni, damu inatoka nikila hata ugali. Nikakwambia, "Ng'oa bwana, wateja wananisubiri." Ukasema, "Kaa chini, mwongo we. Jino lako halijakosa kitu, fizi ndiyo inaoza." Wiki nne unanikwangua ukoga, umeinama, jasho puani. Chumba cha pili mwenzako anang'oa kumi kabla ya chai. Yule ndiye mchapakazi. Wewe mvivu!

Na malaria ilipokulaza, mara mbili uliniuliza kama posta kuna barua. Nikakutania, nikasema mzungu bado anatafuta stempu. Nisamehe. Sikujua.

Sasa Kabula naye kajaza fomu, masomo yaleyale. Wa kusaini ni bwana yuleyule. Kamwambia, "Jumatatu niletee daftari, nione umeng'oa mangapi." Machache, bila shaka. Si umemfundisha wewe?

Basi Jumatatu nami naenda kwa bwana huyo, tena siendi peke yangu. Nimezunguka wiki nzima kwa baiskeli na malori. Mama Shija wa Didia anakuja, na Mzee Karim wa duka la vitambaa, na wachimbaji watatu kutoka njia ya Buseresere, wale wabishi. Wote uliwakatalia kuwang'oa. Mama Shija anasema atatafuna mahindi ya kuchoma mlemle ofisini. Tutakaa kwenye benchi lake, tufungue midomo, ahesabu yeye mwenyewe. Akitaka mstari kwenye daftari, sisi ndio mstari.

Wabeja, Daktari. Sikuwahi kukushukuru nikiwa sina mzaha. Lala salama.

Ila kabla hujalala, tupatane. Ule ugoro uliokuwa unanifokea kila siku, kwamba unamaliza fizi zangu, nimeuacha leo. Kopo nimelifukia hapa kaburini kwako, upande wa kichwa. Wewe Jumatatu simama nyuma ya Kabula, asitetemeke. Fomu ikisainiwa, kopo ni lako milele. Isiposainiwa nakuja na jembe kulifukua, na usinifokee tena. Umekubali?