Nyeupe ya Malkia

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba sitaisikia, lakini mkono umekataa kuanza vingine.

Hapa Mapinga kiwanja cha jirani kimepata mwenyewe, mtu wa mjini. Kaweka taa kubwa inayomulika mpaka sebuleni kwetu. Ungemfuata siku hiyohiyo! Wewe ambaye tamthilia yako ya wafalme wa Kikorea ikianza ulizima taa zote, ati mishumaa yao haionekani vizuri. Baba akipita analalamika, "Mnakaa gizani kama wanga!" Wala humjibu.

Ulinifundisha kuwasoma kwa rangi: wenye majoho mekundu ndio wakubwa, wa kijani bado wanatumwa. Sauti ya mtafsiri hukuiamini. "Angalia taa, mwanangu. Msema kweli anamulikwa uso mzima. Mwongo, nusu yake iko gizani." Ukikosea, ulimlaumu mpiga picha.

Tangu tukuzike, Baba hajalia. Nikimuuliza, "Sijambo, alhamdulillahi." Chakula anakigusagusa tu, mihogo shambani imemezwa na magugu. Niliogopa, Mama. Niliona nitawapoteza wote wawili.

Juzi baada ya Isha nilimkuta ametundika kanga yako ya zambarau dirishani, kuzuia ile taa ya jirani. Kazima ya sebuleni mwenyewe, kakaa kwenye kiti chako, tamthilia inaendelea. Lakini haangalii. Kaelekea dirishani, kwenye kanga, na mwanga wa runinga unampata shavu moja tu. Nikamuuliza hali. "Sijambo." Nikakumbuka maneno yako, nikakaa chini karibu na miguu yake.

Malkia akatokea amevaa nyeupe tupu, juu mpaka chini. Sebule nzima ikapata mwanga, Baba akageuka.

"Huyu mbona kavaa hivyo?"

Nikamwambia amefiwa na mumewe, kwao nao msiba ni nyeupe, kama wajane wetu wakikaa eda.

"Na mwanamume je? Akifiwa na mkewe, yeye anavaa nini?"

Nikainua macho. Uso wake wote ulikuwa kwenye mwanga, na machozi yanashuka, hayafuti. Tukalia pamoja, Mama, mpaka tamthilia ikaisha bila sisi kujua nani kafanya nini.

Jana kaenda shamba. Aliporudi kala, kisha akaniuliza tamthilia inaanza saa ngapi.

Pumzika, Mama. Mola akutilie nuru huko uliko. Nami nakuahidi, kila jioni nitamzimia Baba taa, nitakaa naye, nimtajie rangi moja moja mpaka azijue kama wewe.

Mwanao,
Zuhura