Nilichovya mchuzi wa usipa tu

Jumamosi, saa kumi jioni. Mvua imekatika, joto limebaki. Midomo yangu bado mizito.

Mchana tulikuwa Itungi kwa shangazi. Alitupikia usipa, wale dagaa wa ziwani. Mwezi uliopita niliwala shuleni, mwili ukatoka vipele, nikajikuna siku nzima. Sikumwambia mtu. Leo kukataa nisingethubutu. Kwetu ukikataa chakula cha mtu, umemkataa mwenyewe. Nikajiona mjanja: samaki nikawasukuma pembeni, nikachovya ugali kwenye mchuzi tu.

"We binti, hao samaki unawala au unawachunga?" shangazi akauliza.

Tonge la tatu, midomo ikavimba. Lusajo, mtoto wake, akapiga kelele: "Oneni dada, kajazwa upepo!" Wakacheka wote. Nami nikacheka, huku koo linabana. Nikasema ndaga, yaani asante, nimeshiba, nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta pumzi. Koo likaachia taratibu.

Niliogopa, jamani. Niliogopa sana.

Nilipofika nyumbani nikafungua daftari la Bayolojia. Kuna seli za kinga ambazo kwa nje zimebeba kingamwili. Kipande cha protini ya samaki, yaani antijeni, kikishika kingamwili mbili kwa pamoja, seli imeshamtambua adui. Ujumbe unaingia ndani: protini moja inaiamsha jirani yake, nayo inaamsha nyingine, kalsiamu inapanda, vifuko vinafunguka, histamini inamwagika. Ndiyo inayovimbisha.

Kumbe protini ile imo hata kwenye mchuzi. Nilichokwepa mimi ni samaki wa kuonekana kwa macho.

Haya yote niliyajibu kwenye mtihani kwa Kiingereza, nikapata vema. Leo nimeyaogopa kwa Kiswahili.

Darasani mwalimu alitufundisha kwamba mara inayofuata inaweza kuwa mbaya zaidi. Jumatatu narudi bweni. Jumatano jikoni kwa shule ni usipa.

Seli zangu zimepashana habari kwa dakika chache. Mimi mwezi mzima nimeshindwa kumwambia mama sentensi moja.

Naogopa nini hasa? Kuambiwa nadeka? Na koo likifunga moja kwa moja, nitamwambia kwa sauti ipi?

Namsikia mama uani, anapepeta mchele. Naenda kumwambia sasa hivi, kesho twende zahanati. Nikishindwa kusema, nitampa simu asome hapa.