Nyundo Namba Kumi na Saba

3 Machi

Mwanangu,

Habari za huko? Mgongo umepoa? Huku tu wazima, ila hasira zinanimaliza. Jumatatu nimekuta mivule mitatu imekatwa, ile ya juu ya chemchemi. Nimekwenda kwa mkuu wa kituo, huyu tunayemwita Bwana Kesho. Jibu unalijua: "Tutaliangalia kesho, mzee." Miaka ishirini na sita nalinda msitu, bado naongea na ukuta! Maji yamepungua mpaka mama yako akienda kukinga ndoo moja, chai niliyoibandika inakauka.

Baba yako, mlinzi


11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mgongo umepona. Mama hajambo?

Sitazunguka mbuyu. Jana karakana yetu imepokea magogo ya mvule. Kabla sijawasha msumeno huwa natazama muhuri kwenye ncha ya gogo, wewe mwenyewe ulinifundisha. Kila mlinzi ana nyundo yake, kila nyundo ina namba yake, na gogo lisilogongwa muhuri halipiti kizuizi cha barabarani. Baba, haya yamegongwa kumi na saba. Nyundo yako.

Kumbe unanililia miti unayoiruhusu mwenyewe? Niambie ukweli. Nimekata kile kipande chenye namba nikakificha, kwa aibu.

Mwanao seremala


30 Mei

Mama, binti yangu,

Marahaba. Mama yako hajambo, anakusalimu. Nimekaa na barua yako wiki saba. Kwanza nilikasirika, halafu nikaogopa. Mimi niugonge muhuri mvule wa chemchemi? Mimi?

Lakini namba ni yangu, sikatai. Nikawaza. Kanuni inasema Ijumaa jioni walinzi wote tukabidhi nyundo, zifungiwe kabatini, tuzichukue Jumatatu. Nimetii miaka yote, tena naifuta vumbi kwanza, mjinga mimi! Na ufunguo wa kabati anao nani? Bwana Kesho. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi Ijumaa iliyopita sikukabidhi. Nimeitumbukiza chooni. Jumatatu nikasimamishwa kazi, eti nimepoteza mali ya ofisi. Potelea mbali. Magogo sita yamelala kando ya njia bila muhuri, na hayaendi popote.

Baba yako, mlinzi hata bila kazi


19 Juni

Baba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukushuku. Niliposoma habari za choo nilicheka peke yangu mpaka bosi akaniuliza nina nini.

Leo sicheki. Asubuhi lori limeshusha magogo sita ya mvule. Nimepiga magoti kwenye unga wa mbao nikayafuta kwa kiganja, moja moja. Yote yana muhuri, baba. Kumi na nane. Si ndiyo nyundo ya mwenzako wa zamu ya bondeni? Masikini, naye anakabidhi kila Ijumaa na hajui lolote. Nimetamani kupiga kelele.

Nimekata kipande kimoja chenye namba, kisha msumeno nimeuzima. Bosi kasema nipasue au niondoke, nami nimeshakunja aproni. Nakuja na vipande viwili begini, kumi na saba na kumi na nane, tumruke Bwana Kesho, tuvipeleke kwa wakubwa wake.

Barua hii nampa kondakta wa basi ikutangulie. Tafadhali wapitie walinzi wote nyumbani kwao, uwaambie Ijumaa hii asikabidhi mtu. Choo bado kina nafasi.

Mwanao