Kompyuta, Mama Mkwe na Baridi ya Malindi

Shangazi Modesta, shikamoo! Nisaidie kabla sijapasuka, maana nina furaha na nina hofu kwa pamoja, naandika huku nacheka peke yangu. Mimi ni Elinuru, karani wa chama cha wakulima wa mboga hapa Malindi, Lushoto, na shangazi, nimepewa kazi ya kuchagua kompyuta mpya za ofisi, mimi, ambaye hata gauni langu la harusi nachaguliwa! Muuzaji katuonyesha aina mbili za mezani, moja ya kasha kubwa linalosimama kama debe, nyingine kadogo, jamani, kadogo kama kitabu cha nyimbo, kanafungwa nyuma ya kioo hata hukaoni, na nilipokaona tu moyo ulifanya pa! Nimekapenda kuliko nilivyompenda mchumba wangu Kristian siku ya kwanza, usimwambie.

Balaa ni mama yake Kristian, mama Esteria, aliyemo kwenye kamati yetu na mwezi ujao anakuwa mkwe wangu, yeye anataka kubwa, na ameshaifumia kitambaa cheupe chenye maua, kizito, kama alivyoifumia ile yetu ya zamani, maana baridi yetu unaijua, ukungu unaingia mpaka ofisini, na mama hapendi kuona kitu kinapigwa na baridi. Bahati mbaya ile ya zamani ilikufa. Muuzaji akatuachia kadogo tukajaribu, mama akakikunja kile kitambaa mara mbili akakafunika vizuri, nikaanza kuandika oda za karoti, haikufika mchana kakazima kenyewe, mama akapiga makofi, "Nilijua! Haka kana moyo mdogo." Mwenyekiti wetu, Mghoshi Yeremia, akaitikia, eti ofisi lazima ionekane ina kompyuta. Kikao ni Jumatatu. Nikichagua kadogo mkwe ataona nimedharau kazi ya mikono yake kabla sijaingia kwake, nikichagua kubwa nitalia, na Kristian nikimuuliza anasema, "Mimi simo." Shangazi, nichague ipi, na je, nitaolewa?

JIBU

Marahaba, Elinuru mwanangu. Umenichekesha mpaka chai imenipalia.

Tuanze na ugonjwa. Ya kwanza mliifunika, ikafa. Ya pili mmeifunika, imezimia. Na bado mnatafuta ipi ina moyo mdogo! Kompyuta haisikii baridi, binti. Ikifanya kazi inapata joto, ina feni ya kulitoa, na nyinyi mmeiziba pua kwa kitambaa. Hata wewe ungezimia! Na wewe uliyekaa mbele yake ukiisikia inahema, ulinyamaza kwa nini? Ulimwogopa mkwe. Heshima ni nzuri, lakini si ya kuua mashine za wakulima.

Kubwa si mbaya. Ina nafasi ya kuongeza vitu ndani, na fundi yeyote wa Lushoto mjini ataifungua. Lakini wewe unaandika oda za karoti, huchori maghorofa. Kadogo kanakutosha, kanakula umeme kidogo, na ukikatika, betri ya akiba mkiinunua itakashikilia muda mrefu kuliko kubwa. Ila usikachague kwa sababu moyo ulifanya pa. Mwambie muuzaji akupe zote za toleo moja, zilizotengenezwa kwa kazi za ofisi, zenye waranti ya maandishi, na akutajie fundi wa karibu anayezijua. Akibabaika, aondoke nazo. Ofisi ya Mghoshi Yeremia itaonekana kwa oda zinazofika kwa wakati.

Kuhusu mama, usisubiri Jumatatu ukamuumbue mbele ya kamati. Nenda kwake kesho, piga goti, umsalimie, kisha mlete ofisini. Washa kadogo bila kitambaa, shika mkono wake uuweke pale nyuma panapotoka upepo wa moto. Mwambie, "Mama, haka kanapumua." Atajua mwenyewe. Mwombe akafumie kitambaa chepesi cha kukinga vumbi mkishakazima na kakapoa. Kile kizito mwombe akupe wewe, kitandikwe kwenye meza yako ya harusi. Na huyo Kristian asiyekuwamo, mwambie shangazi amesema atakuwamo siku ya kubeba makasha.

Unauliza kama utaolewa. Mwanamke anayeionea kompyuta huruma isipigwe na baridi, wewe atakuacha utetemeke? Olewa haraka, kabla mwingine hajamwona mkwe huyo.